Kumtazama Mgonjwa Akipumua

Ndunge mwanangu,

Umeenda Mitaboni kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia kabla hujala, kwa hivyo nimepata nafasi ya kukaa mezani nikuandikie. Habari za nguo, za maji ya kuchemsha na za kunipigia simu ukifika tulizimaliza jana. Hayo mengine ya kila siku unayajua kunishinda. Nataka kukuandikia jambo moja la kazi tu, kwa sababu jana ulipokuwa ukimweleza baba yako kuhusu hospitali unayokwenda, ulisema kitu nikakinyamazia.

Ulisema, "Ni kahospitali kadogo tu, Baba. Maafisa wa kliniki ni wawili, na wauguzi wachache. Kesi kubwa tutakuwa tunazituma mbele. Sisi kazi yetu ni kushona vidonda na kurudisha mifupa."

Mwanangu, kushona vidonda na kurudisha mifupa ndiyo kazi niliyoifanya karibu miaka yangu yote ya uuguzi, katika kile chumba kidogo cha hospitali yetu ya barabara ya Masii. Unakijua, ulikuwa ukinipata pale ukitoka shule. Na ninapowakumbuka watu waliokaribia kufa mikononi mwangu, wengi hawakuja na kesi kubwa. Walikuja na hizo ndogo.

Nilipoanza kazi pale, mwanzoni mwa miaka ya tisini, dawa ya maumivu tuliiona kuwa ya mtu anayepasuliwa tumbo. Jipu, kidonda cha moto, mkono uliovunjika, hizo zilikuwa kazi za kushikilia. Tuliziita hivyo hasa. Mtu alichungulia wodini akasema, "Njooni mnishikilie mmoja hapa," tukaenda, huyu akashika miguu, yule mabega, na mimi nikainama sikioni mwa mgonjwa nikimwambia avumilie. Nilisema "vumilia" mara nyingi mpaka likawa kama kukohoa tu. Sikuwa mkatili, na wenzangu hawakuwa wakatili. Tulilelewa hivyo. Mgonjwa akinyamaza tulimsifu. Akipiga kelele tulimwambia anawatisha wengine walio nje.

Aliyenitoa huko alikuwa mtoto wa kike aliyeitwa Mumbua, kutoka upande wa Masii, aliyemwagikiwa na uji moto miguuni. Ilibidi aoshwe vidonda na kufungwa bandeji mpya kila baada ya siku chache, na kila mara tulimshikilia. Siku za kwanza alilia kama watoto wote. Baadaye akaacha kulia. Alikuwa akifika mlangoni mgongoni mwa mama yake, akiona koti langu jeupe anatapika. Hatoi sauti, anatapika tu. Mimi nikadhani ana malaria.

Mama yake ndiye aliyenieleza. Alikuwa mwanamke mpole, hakuwa na hasira nami. Alisema, "Sista, tukikaribia hapa huyu mtoto ananiangalia kama ni mimi nilimchoma."

Nilitoka nikaenda kwa Daktari Musyoki. Huyo huenda humkumbuki vizuri, alihamishwa ukiwa bado mdogo. Alikuwa afisa wa kliniki kama wewe, mtu mkimya aliyekuwa amefika kwetu si zamani, na watu walimwita daktari kama watakavyokuita wewe. Nilimwambia maneno ya yule mama. Akaenda kabatini, akafungua, akatazama chupa zilizopangwa humo.

"Kwani hizi dawa tunamwekea nani?" akauliza.

Kuanzia siku hiyo Mumbua alipewa dawa ya kunywa mapema, akakaa na mama yake hadi imwingie, na bandeji zikaloweshwa maji mpaka ziachie zenyewe. Siku ya kuosha sana, Musyoki alimpa ketamini, ile dawa ya kumlaza mtu asisikie maumivu. Nilikuwa nimeiona ikitumika katika chumba kikubwa cha upasuaji, lakini sikuwahi kuiona kwetu. Mtoto alilala macho wazi, akitazama dari, nami nikaosha kila mahali nilipokuwa nikipapasa tu kwa sababu ya maumivu yake. Tulipomaliza na akazinduka, alimtazama mama yake, akauliza, "Bado hawajaanza?"

Mama yake alijifunika uso kwa leso. Mimi nilijifanya napanga vyombo.

Nimekuandikia habari za Mumbua ili ujue kwamba lililotupata baadaye halikutokana na uzembe. Lilitokana na watu wawili waliokuwa wamefurahi kwamba sasa wanajua kuondoa maumivu.

Mgonjwa alikuwa Mama Nthenya, mwanamke wa Kalama. Aliteleza kwenye matuta ya shamba akiwa na mzigo wa kuni, bega likatoka mahali pake. Alilala nalo hivyo usiku kucha, na mumewe, Mzee Kilonzo, akamleta kesho yake. Musyoki alimpa diazepamu ya kumtuliza na pethidini ya maumivu kwenye mshipa. Tukangoja kidogo tu, maana foleni ilikuwa imefika nje. Akavuta mkono. Mama akapiga yowe.

"Bado," Musyoki akasema. "Mwongezee kidogo."

Nikamwongezea. Akavuta tena, yowe tena. "Ongeza." Nikaongeza. Tulikuwa tunamwonea huruma, Ndunge. Kila sindano niliyompa niliitoa kwa huruma. Mara ya mwisho nilimshikilia kwa shuka, Musyoki akavuta polepole, bega likaingia mahali pake na sote tukalisikia. Mama Nthenya akashusha pumzi ndefu, uso ukalainika. Musyoki akacheka kwa furaha, nami nikacheka. Mara akaitwa upande wa kina mama wanaojifungua, akaondoka akiniambia, "Mtafutie kitambaa cha kufungia mkono." Nikaenda stoo. Nikiwa mlangoni nilimwambia Mzee Kilonzo anaweza kuingia akae na mke wake.

Sikukawia huko stoo. Niliporudi, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, kofia magotini.

"Asante Sista," akaniambia kwa sauti ya chini ili asimwamshe. "Huyu tangu jana hajalala hivi."

Nikamtazama. Kweli alikuwa ametulia. Nilikunja kitambaa changu pembe tatu, nikamwendea, nikapitisha mkono kifuani pake ili nikifunge, na mkono wangu haukuinuliwa na kitu. Kifua hakikupanda. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimwita jina, nikamfinya, nikamwambia avute pumzi. Hakuna.

Mfuko wa kumpulizia mtu hewa, ule tunaouita ambu, hospitali nzima ilikuwa nao mmoja, nao ulikuwa katika chumba kikubwa cha upasuaji, na chumba kimefungwa, na mwenye funguo amekwenda kula. Nilimwinua kidevu, nikaweka kipande cha shashi mdomoni mwake, nikapuliza kwa mdomo wangu. Nilipoinuka kuvuta hewa nilimwita Musyoki kwa sauti ambayo sijaitoa tena maishani. Mzee Kilonzo alikuwa amesimama. "Sista, unamfanya nini?" Nilimshika mkono nikauweka chini ya taya la mkewe, nikamwambia, "Inua hivi. Usiachilie." Hakuachilia.

Musyoki alikuja mbio. Mtu mwingine akatafuta funguo, ambu ikaletwa, tukampumulia huyo mama kwa muda mrefu. Sitakuambia ulikuwa muda gani kwa sababu sijui, na kila aliyekuwepo anataja wake. Mwishowe alikunja uso, akaguna. Tukamlaza kwa ubavu, akatapika. Alasiri aliomba maji na akataka kujua kwa nini kidevu kinamuuma.

Musyoki hakumficha mzee. Alimketisha kwenye benchi la nje, nami nikiwa nimesimama hapo, akamwambia, "Mzee, dawa niliyompa ilimzidi nguvu. Aliacha kupumua. Sista ndiye aliyemuona."

Mzee Kilonzo aliizungusha kofia yake mikononi. Tulingoja atutukane. Badala yake akasema, "Mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa nimekaa nikimuangalia. Nilifikiri ni usingizi."

Mama Nthenya alikwenda nyumbani mzima. Lakini hayo maneno ya mumewe ndiyo yaliyobaki na mimi, kwa sababu hata mimi, muuguzi, niliingia nikamtazama nikafikiri ni usingizi. Kama kile kitambaa kingekuwa cha kufunga mguu, nisingemgusa kifua.

Baadaye tulikaa na Musyoki tukafikiria ilikuwaje. Lile bega lilipokuwa nje, maumivu yalikuwa yakimwamsha. Ndiyo maana dawa zote tulizompa zilionekana hazitoshi. Bega lilipoingia, maumivu yaliondoka mara moja, na dawa zikabaki ndani yake bila kitu cha kupigana nacho. Tena zile za mwisho zilikuwa hazijafika hata. Tulikuwa tumempa nyingine kabla ile ya kwanza haijaonyesha nguvu yake. Kwa hivyo hatari kubwa ilianza wakati sisi tulipocheka na kuondoka. Wewe haya umeyasoma darasani na unaweza kunieleza kwa maneno ya kitabu. Mimi sikuwa nimefundishwa. Lakini nafikiri hata aliyefundishwa, akisikia bega limeingia, moyo wake unamwambia kazi imekwisha.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi, ingawa hakuna aliyekaribia kufa. Musyoki aliogopa. Aliacha kabisa kutoa dawa zile, na mimi sikumuuliza kwa sababu niliogopa pia. Siku moja nilijikuta nimeinama sikioni mwa mwanaume aliyekuwa akipasuliwa jipu, wenzangu wamemkalia miguu, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Vumilia." Nilimaliza ile kazi, nikanawa mikono, nikaenda kumtafuta.

"Daktari, tumerudi kwa kushikilia."

Hakuniangalia. "Akilia najua anapumua," alisema.

"Basi tutafute njia nyingine ya kujua."

Tulibishana, tukaacha, tukarudia tena. Tulichokubaliana hakikuhitaji vifaa vya ajabu. Tuliomba ambu nyingine, ikatundikwa kwenye msumari ndani ya kile chumba chetu, mahali ambapo hakuna mlango wa kufunga. Mashine ya kufyonza mate na matapishi, ile ya kukanyaga kwa mguu, tuliijaribu kila asubuhi kwa kikombe cha maji. Mtungi wa oksijeni tuliufungua tukausikiliza, maana siku moja tuliukuta mtupu na kila mtu alikuwa akiapa kwamba umejaa. Dawa tulizitoa kidogo, tukangoja hata kama foleni inanung'unika, ndipo tukaongeza. Na mtu mmoja alikaa kichwani kwa mgonjwa bila kazi nyingine yoyote. Hapitishi mkasi, haandiki, hashiki mguu. Mkono wake uko kifuani au chini ya kidevu, macho yake usoni, mpaka mgonjwa azinduke aseme yuko wapi. Kama mtu huyo hayupo, hatuanzi.

Ndunge, hapo kwenye kutoanza ndipo utakapopata shida. Dawa utazijua. Watu ndio watakaokushinda.

Kuna siku ya soko tulikuwa wachache, na diwani mmoja akamleta ndugu yake aliyekatwa na panga mguuni, kidonda kirefu kinachotaka kusafishwa kwa kina. Tulikikandamiza damu ikakoma, tukaanza kukipiga dawa ya ganzi pembeni. Lakini kwa kazi iliyokuwa ndani ilibidi apewe dawa ya kulala, na mkunga aliyekuwa akitusaidia kukaa kichwani alikuwa bado anazalisha.

"Mnangojea nini?" diwani akauliza.

"Tunangojea mtu wa kumtazama akipumua."

"Si nyinyi mko wawili hapa? Kwani huyu anaenda wapi?"

"Mmoja anashona, mwingine anamsaidia. Hakuna anayemtazama."

Alinicheka, kisha akakasirika, kisha akaenda kunishtaki kwa matroni. Matroni aliniita akaniambia nimekuwa mtu mgumu siku hizi. Nikakubali. Mkunga alipokuja tulianza, mguu ukashonwa vizuri, na huyo ndugu yake akaenda nyumbani bila hata kujua kulikuwa na maneno. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Ukifanya sawasawa hakuna kitu kinachotokea, na hakuna atakayekuja kukushukuru kwa kitu ambacho hakikutokea. Watakumbuka tu kwamba uliwachelewesha.

Kuhusu chakula, ambacho kinaweza kumrudi aliyelala kikamziba pumzi, usimuulize mgonjwa kama amekula. Muulize amekula nini. Nilikuwa na mzee mmoja aliyeniapia kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana, nikamwamini. Ilikuwa bahati tulikuwa na ile mashine ya kukanyaga, kwa sababu katikati ya kazi alirudisha sahani nzima ya isyo, mahindi na maharagwe yake yote. Alipoamka nilimuuliza. Akasema, "Hiyo si kula, Sista. Nilionja tu nipate nguvu ya kuja hospitali." Kwake hakuwa amedanganya.

Na usimpe mtu diazepamu peke yake ili atulie umfanyie jambo linalouma. Atalegea, hatapigana nawe, kesho hatakumbuka, na wewe utajiambia umemsaidia. Lakini maumivu aliyasikia yote. Nilifanya hivyo kwa miaka, nikijisifu kwamba chumba changu ni kimya.

Wametuletea sasa ile mashine ndogo ya kubana kidole inayoonyesha oksijeni. Huko uendako labda ipo. Ni nzuri, itumie, lakini wauguzi wapya niliowaona wanaitazama yenyewe badala ya kumtazama mtu, na stima ikipotea au kidole kikiwa baridi wanababaika.

Nina jambo moja la mwisho, nalo linakuhusu wewe. Ulikuwa darasa la sita ulipoanguka shuleni ukavunjika mkono. Mwalimu alikuleta nikiwa kazini, uso wako umekuwa wa kijivu, na mkono umepinda kama si wako. Musyoki alikuwa amekwisha kuhamishwa. Kulikuwa na afisa mwingine, na muuguzi kijana aitwaye Mutheu ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kazi ya kile chumba. Walikuandaa wakupe ketamini. Mimi, bila hata kufikiri, nikazunguka kitanda nikaenda kusimama kichwani kwako, maana hapo ndipo nilipozoea kusimama.

Mutheu akaja akasimama kando yangu. "Mama Ndunge," akasema. Kwa kawaida aliniita Sista. "Hapo ni pangu leo."

"Nataka tu kumuona usoni."

"Najua. Kaa kule miguuni. Nikikuhitaji nitakuita."

Nilikasirika, sitakuficha. Nilikuwa nimemfundisha mimi. Lakini nilikwenda nikaketi mwisho wa kitanda, nikashika mguu wako, soksi ya shule ikiwa na vumbi. Kutoka hapo sikuona uso wako. Nilimuona Mutheu tu ameinama, mkono wake kifuani pako. Wakavuta mfupa. Nilisikia ile sauti, na nikajua ndio wakati wenyewe, ule wa kucheka na kuondoka. Afisa akanyoosha mgongo, akasema, "Mfupa umekaa vizuri," akageukia plasta. Mlango ukafunguliwa, mtu akaita, "Mutheu, unatakiwa wodini sasa hivi."

Mutheu hakugeuza kichwa. Hakuinua hata macho. "Wangoje," alisema.

Yule mtu akaita mara ya pili, kwa ukali. Mutheu hakumjibu tena. Aliendelea kukutazama, na mimi nikamtazama yeye akikutazama, na hapo ndipo nilipoachilia mguu wako na kulia.

Mwanangu, kila atakayelala mbele yako huko ana mtu aliyeketi miguuni pake, asiyeona uso wake na asiyejua la kuuliza. Nenda salama.

Ni mimi mama yako.